Kabla Hujasema Filamu Ni Mbovu

Ukimuuliza mtu aliyetoka kutazama filamu ameionaje, aghalabu atakujibu kwa neno moja: kali, mbovu, ya kawaida. Mazungumzo yanakufa palepale, nawe unabaki hujui kama umalizie bando lako kwenye filamu hiyo au ulale. Mimi si mhakiki wa kulipwa, na sikusomea sinema. Ni mtazamaji wa kawaida, wa wale wanaoangalia bei ya tiketi kabla ya jina la filamu. Lakini nimetazama nyingi, nimezibishania nyingi zaidi, na katika mabishano hayo nimeshika ushauri mmoja ambao ningependa uujaribu: kabla hujatoa hukumu, taja tukio. Eleza ulichokiona na ulichokisikia, kisha useme kilikufanya nini. Hukumu ikija baada ya hapo itakuwa na pa kusimama.

Chukua Children of Heaven, filamu ya Majid Majidi wa Iran iliyotoka mwaka 1997. Kisa chake unaweza kukimaliza kwa pumzi moja. Mtoto aitwaye Ali anapeleka viatu vya mdogo wake, Zahra, kwa fundi, na wakati wa kurudi vinapotea akiwa anachagua viazi dukani. Nyumbani kodi inadaiwa na mama ni mgonjwa, kwa hiyo watoto wanakubaliana kumficha baba. Wanaanza kushirikiana raba za Ali: Zahra anazivaa shule ya asubuhi, akitoka anakimbia hadi uchochoroni, wanabadilishana, na Ali anakimbilia shule ya mchana. Mtu akiniambia filamu hiyo inasikitisha sitapinga, ila atakuwa hajaniambia kitu ambacho nisingekijua kwa kusikia kisa tu.

Ngoja nikupe tukio. Baba amekaa chini akivunja mabonge ya sukari ya msikitini yawe vipande vidogo vya kunywea chai. Sukari imejaa mbele yake tele. Zahra anamletea chai. Baba anauliza sukari iko wapi. Mtoto anashangaa, maana si hiyo hapo imezagaa? Baba anamweleza kwamba hiyo ni mali ya msikiti, wao wamekabidhiwa tu, na anataka aletewe ile ya nyumbani. Hakuna hotuba, hakuna anayesifiwa. Tukio linapita na filamu inaendelea na shughuli zake. Mtazamaji wa Tanga, Lamu au Bagamoyo aliyelelewa akiambiwa kwamba amana hailiwi hahitaji kufafanuliwa.

Baadaye Zahra anaviona viatu vyake miguuni mwa msichana mwingine wa shule yao. Anagundua anakoishi, anamchukua kaka yake, na wote wawili wanakwenda kuchungulia. Wanamwona baba wa yule msichana akitoka nyumbani, kipofu. Ali na Zahra wanatazamana, wanageuka, wanarudi kwao bila kudai chochote. Ukilitazama tukio hilo peke yake utadhani ni huruma ya kitoto. Ukiikumbuka ile sukari, utaona kwamba watoto hawa walishafundishwa, mbele ya chai ya baba yao, kutochukua kitu kwa sababu tu mkono unakifikia. Na ndiyo maana mbio za mwishoni zinauma. Zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba, na Ali anakimbia akitaka kuwa wa tatu. Anakuwa wa kwanza. Watu wazima wanamshangilia, anapigwa picha, naye analia. Sikumbuki filamu nyingine ya mashindano ambamo ushindi umekuwa msiba namna hiyo.

Kuona mambo hayo hakuhitaji shule, ila kunahitaji utulivu, na utulivu siku hizi lazima uutafute kwa makusudi. Weka simu chumba kingine. Achana na zile video fupi ambamo mtu anakusimulia filamu nzima kwa dakika chache huku picha zikikimbia. Ukishazoea hizo, utajua viatu vilipotea na Ali alishinda, na sukari hutaiona kamwe, kwa sababu msimuliaji ataikata kwanza. Filamu ikiisha, usikimbilie kusoma wengine wanasemaje. Mgeukie uliyekaa naye, au kama uko peke yako subiri hadi kesho yake asubuhi, ujiulize ni nini kilichobaki kichwani. Mara nyingi hakitakuwa kile ulichokipigia makofi. Kitakuwa mkono wa mtu, mlango, namna mama alivyonyamaza. Anzia hapo kuzungumza.

Tukio hilohilo linaweza kukudanganya, hata hivyo, ukilipima kwa mizani isiyo yake. Kila filamu inakuja na ahadi, na haki ni kuidai ahadi iliyotoa yenyewe. Watu wanazilaumu picha za Kihindi kwa nyimbo na urefu. Wazee waliokuwa wakienda Avalon, Empire na Odeon pale Dar es Salaam, au Majestic na Cine Afrique kule Unguja, hawakuwa na lawama hiyo, kwa sababu walijua walichokilipia: kucheka, kulia, kusikia nyimbo na kuona ngumi, vyote kwa tiketi moja. Wimbo kwenye picha ya Kihindi una kazi. Ukitaka kuukosoa, uliza kama umeifanya: kabla yake wahusika walikuwa wapi, na baada yake wamefika wapi? Wimbo unaowaacha palepale walipokuwa ndio wa kulaumiwa.

Na kuna ile kanuni tuliyokua nayo mtaani, kwamba stelingi, yaani mhusika mkuu, hafi. Kila mtoto aliijua kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana naipenda Sholay ya Ramesh Sippy, ya mwaka 1975, ambayo kwa zaidi ya saa tatu inajenga imani hiyo kisha inaivunja. Jai na Veeru ni wezi wawili marafiki walioajiriwa na afisa wa zamani wa polisi, Thakur, wamkamate jambazi Gabbar Singh aliyemkata mikono yote miwili. Jai, anayeigizwa na Amitabh Bachchan, kila penye uamuzi mgumu anarusha sarafu. Inarushwa mara kwa mara hadi tunaizoea, tunaiona kama mchezo wake tu. Kule darajani, risasi zikinyesha, inarushwa kuamua nani abaki kuwazuia majambazi na nani aondoke. Jai anabaki, anapigwa risasi, anafia mikononi mwa rafiki yake. Veeru anaiokota sarafu na kuona kwamba pande zake zote mbili ni sawa.

Hapo mtazamaji anairudia filamu nzima kichwani. Kumbe bahati haikuwahi kuamua lolote. Kila safari Jai alikuwa ameshaamua. Hicho ndicho ninachokiita kuvunja kanuni kwa haki, na ndicho kipimo ninachokushauri ukitumie stelingi akifa, mwema akigeuka msaliti, au filamu ikiisha bila kukupa jibu. Usikasirike kwamba umenyimwa ulichozoea. Rudi nyuma utafute sarafu. Kama mwongozaji aliiweka mbele ya macho yako tangu mwanzo nawe hukuijali, amekutendea haki. Kama hakuna sarafu popote, basi mshangao ule umebandikwa, na una kila sababu ya kulalamika. Sholay yenyewe ina kitu kilichobandikwa: katika mwisho uliopigwa kwanza, Thakur anamuua Gabbar, lakini bodi ya ukaguzi wa filamu ya India haikuukubali, ndipo katika nakala iliyozoeleka polisi wanapotokea dakika ya mwisho kumwokoa jambazi na hasira ya Thakur. Wengi wamehisi kwamba mwisho ule haukukaa vizuri bila kujua sababu. Ukihisi hivyo kwenye filamu yoyote, iamini hisia yako kisha uichunguze.

Kuna filamu nyingine zinazobebeshwa sifa zisizo zao. Rambo ni mojawapo. Ukitaja jina hilo kijiweni, kila mtu anaona bunduki na maiti. Irudie ya kwanza, First Blood ya mwaka 1982. Ni askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, anatembea kwa miguu kumtafuta mwenzake wa kikosini, anaambiwa amekufa kwa saratani. Anaingia mji mdogo, mkuu wa polisi anamfukuza kwa sababu ya sura na nguo zake, na yote yaliyobaki yanatokana na hapo. Anayekufa kwa mkono wake katika filamu nzima ni mtu mmoja, tena bila kukusudia. Mwishoni stelingi wetu anakaa chini na kulia kama mtoto mbele ya kamanda wake wa zamani. Tuliokutana na hadithi hii kupitia zile za baadaye tulikosa kilicho bora humo.

Na wengi wetu tulikutana na filamu kama hizo katika vibanda umiza, sauti ya mtafsiri ikiwa juu kuliko ya waigizaji. Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, VJ Jingo kwa Uganda: hawa ni wasanii, nami nawaheshimu kama ninavyowaheshimu waongozaji. Mtafsiri mzuri anampa jambazi wa Hong Kong jina la mtaani kwenu, anajua lini anyamaze, anajua mzaha upi utawaamsha waliosinzia. Kosa ni kuihukumu filamu ya Mchina au Mmarekani kwa maneno ya mtafsiri. Kama kilichokuchekesha ni sauti ya DJ Afro, msifu DJ Afro. Ukiipenda sana filamu uliyoiona kwa tafsiri, itafute siku moja yenye sauti zake na maandishi ya chini, hata kama lugha huijui. Utasikia vicheko, kwikwi na ukimya vilivyokuwa vimefunikwa. Maandishi ya chini yanachosha kwa robo saa ya kwanza tu. Baada ya hapo jicho linazoea.

Sasa nije kwenye filamu zinazodai kusema kweli, maana hapo ndipo mtazamaji anapohitaji kuwa macho zaidi. Watu wa Mwanza wanaikumbuka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004. Inahusu sangara wa Ziwa Victoria: samaki aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita, akawamaliza samaki wengi wa asili, akawa biashara kubwa ya minofu kwenda Ulaya. Ndege kubwa za mizigo zinatua Mwanza, marubani wametoka Urusi na Ukraine. Tunawaona wafanyabiashara, wasichana wanaokaa na marubani usiku, watoto wa mitaani wakigombania wali, mlinzi wa usiku, na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, vikianikwa na kukaangwa. Filamu ilisifiwa sana nje, ikafikia kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Nyumbani ilizua ghadhabu, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani kwamba inaipaka nchi matope.

Nimewasikia watu wakiitetea filamu hii au kuilaani bila kuiona. Ushauri wangu ni uitazame huku ukitenganisha vitu vitatu: kile kamera ilichokiona, kile mtu alichokisema, na kile unachokidhani kwa sababu picha mbili zimewekwa pamoja. Mapanki kamera imeyaona. Yako pale, na mama anayeyageuza yuko pale, miguu ndani ya uchafu. Hakuna hotuba ya rais inayoweza kuyafuta. Habari za silaha ni jambo jingine. Katika filamu nzima mwongozaji anauliza ndege hizi huja na nini, na jibu linakuja vipande vipande. Rubani mmoja anasimulia jinsi alivyowahi kupeleka shehena ya kivita Angola kisha akapakia zabibu Afrika Kusini kuzirudisha Ulaya. Ni ushuhuda mzito, na uso wa rubani yule unaonyesha anavyoumia. Lakini ni ushuhuda wa safari ya Angola. Sanduku la silaha likishushwa Mwanza hatulioni. Filamu inaiweka simulizi hiyo kando ya ndege zilizoegeshwa uwanjani Mwanza, na akili yetu inaunganisha yenyewe.

Maoni yangu ni kwamba ni filamu yenye nguvu na yenye upungufu, na upungufu wake uko pale hasa. Vilevile inaiacha nje Mwanza yote inayofanya kazi, inayosoma, inayofunga ndoa siku za Jumamosi. Mgeni akitoka kuitazama anaweza kudhani mji mzima unaishi juu ya mifupa. Anayesema filamu ile ni ya uongo anawakosea wale mama wa mapanki. Anayesema ni kweli tupu anawakosea wakazi wengine wote wa jiji. Ukivitenganisha vile vitu vitatu hutalazimika kuchagua upande.

Kipimo hichohicho kitumie kwa filamu za kuigiza zinazoanza kwa kutangaza kwamba zimetokana na kisa cha kweli. The Last King of Scotland ya mwaka 2006 ilimpa Forest Whitaker tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Idi Amin, na alistahili; tazama anavyohama kutoka kicheko kwenda kitisho kabla aliyekaa naye hajafuta tabasamu. Lakini yule daktari kijana kutoka Scotland, ambaye ndiye macho yetu katika filamu nzima, hakuwahi kuwepo. Ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden. Hotel Rwanda ya mwaka 2004 ilipigwa zaidi Afrika Kusini, na baadhi ya walionusurika katika hoteli ile wamepinga namna inavyomsifu meneja wake. Kama unataka kutazama filamu moja tu kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mimi ningekuelekeza kwa Sometimes in April ya Raoul Peck, ya mwaka 2005. Ilipigwa Rwanda kwenyewe, haina shujaa wa kukufariji, na inawafuata watu hadi miaka ya baadaye, kwenye mahakama na kwenye familia zilizogawanyika.

Kuhusu zile za zamani zilizopigwa kwetu na wageni, nitasema kwa kifupi. Hatari! ya Howard Hawks ilipigwa sehemu za Arusha na Momella, ikatoka mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika. Kukimbiza vifaru kwa magari kule nyikani kunasisimua hadi leo, na ningemshauri yeyote aitazame. Kisha mwambie aangalie ni Watanganyika wangapi wamepewa jina, na wangapi wamepewa jambo la kusema. Fanya hivyo pia kwa Out of Africa, iliyozoa tuzo 7 za Oscar. Ngong inapendeza mno mle ndani, nayo imejaa watu ambao filamu haitaki kuwajua.

Ndiyo maana nilifurahi sana Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilipotoka mwaka 2021. Wasomaji wengi wanaijua riwaya ya Shafi Adam Shafi: Unguja ya siku za mkoloni, Yasmin aliyeozwa kwa mwanamume mzee na kutoroka, Mwajuma aliyempokea, Denge na harakati zake. Waliotoka kuitazama wakinung'unika walikuwa na lalamiko moja: wameacha vitu vingi. Bila shaka wameacha. Riwaya ile inasomwa kwa siku kadhaa na filamu inakwisha kwa muda wa kupika pilau. Badala ya kuhesabu kilichoachwa, angalia kilichofanywa na kile kilichobaki. Kurasa nzima za mawazo ya Yasmin zimekuwa uso wake tu, kivuli cha dirisha, taarabu inayosikika chumba cha pili. Mimi ningetamani harakati za Denge zipewe nafasi zaidi, maana mtu ambaye hajasoma kitabu anaweza asielewe wanachokiogopa polisi ni nini hasa. Ila mapenzi ya Yasmin na Denge, yaliyojaa tahadhari, filamu imeyaelewa. Kitazame kisa kwanza, kisha urudi kukisoma; mpangilio huo haukuharibii kitu.

Kwa Kenya, anza na Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Mwas anauza CD za filamu kijijini kwao kwa kuwaigizia wateja matukio ya mapigano, na ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Anafika Nairobi, anaporwa kila kitu, siku hiyohiyo anajikuta mahabusu akilazimishwa kusafisha choo kilichojaa uchafu. Litazame tukio hilo la choo vizuri. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, anaifanya aibu ile iwe onyesho, na wafungwa wanaanza kumtazama kwa macho mengine. Hapo ndipo anapokutana na Oti, atakayemwingiza kwenye genge. Kipaji kilekile kinachomfikisha jukwaani ndicho kinachomfungulia mlango wa wizi, na filamu inayaonyesha yote mawili kwa pamoja bila kusimama kuhubiri.

Bongo Movie ninaipenda kwa namna ya ndugu anayetaka mwenzake afanye vizuri. Nakumbuka jinsi nchi ilivyosimama Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012. Watu hawalii namna ile kwa msanii asiyewagusa. Lakini upendo hautuzuii kusema, na kusema vizuri ni kutaja kitu kinachoweza kurekebishwa. Ukiwaambia wasanii wetu kwamba filamu zao ni mbovu, hujawapa pa kushika. Fanya jaribio hili: funga macho dakika tano usikilize tu. Je, sauti za sebuleni na za barabarani zinapanda na kushuka kila mtu akizungumza? Je, muziki unalia kwa huzuni kabla mtu hajapata habari ya msiba? Kisha fungua macho, ondoa sauti, uone kama unaweza kufuata kisa kwa picha peke yake. Kama huwezi, wahusika wanasimulia tu badala ya kutenda. Enzi zile za Kanumba kisa cha saa moja na nusu kilirefushwa kiuzwe sehemu ya kwanza na ya pili, na tuliona matokeo yake: mtu anashuka kwenye gari, anafunga mlango, anatembea hadi getini, anabonyeza kengele, anasubiri, yote hayo bila kukatwa. Hayo waandikie wasanii, waziwazi na kwa heshima. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, inaonyesha kwamba inawezekana: wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na shida yake, na kamera inayojua lini iondoke.

Ukitazama na watoto, usitegemee kwamba katuni ni salama na filamu ya watu wazima ni hatari. Angalia daraja la umri lililotolewa na Bodi ya Filamu ya Tanzania, au na bodi ya Kenya, KFCB, kwa walio huko, kisha mwenyewe itazame robo saa ya kwanza. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ni ya msichana mdogo ambaye ugonjwa wake hauponi, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu awe shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kuna kifo ndani yake. Mimi naamini mtoto wa miaka tisa au kumi anaweza kuiona, mradi mzazi awe amekaa hapo na asiogope maswali yatakayokuja wakati wa kulala.

Na ukiniuliza ningeanza na ipi kwa mtu anayedai filamu za zamani hazimhusu, ningempa Mandabi ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1968, inayozungumza Kiwolofu. Ibrahima Dieng hana kazi, ana wake wawili na watoto saba. Mpwa wake anayefagia mitaa huko Paris anamtumia hundi ya posta ya faranga 25,000. Habari zinatangulia kufika kuliko fedha: wenye duka wanaanza kumkopesha, majirani wanakuja kuomba. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na picha. Cheti kinataka tarehe ya kuzaliwa, ambayo mzee haijui. Kila dirisha lina mtu anayempeleka dirisha jingine, na kila hatua inakula fedha ambayo bado hajaipata. Mwangalie anavyotembea: asubuhi ya kwanza ametoka na kanzu yake pana, kifua mbele, lakini kadiri siku zinavyokwenda ile kanzu inaonekana kumzidi.

Itazame na mtu aliyewahi kupanga foleni ya kitambulisho, au na ndugu aliye Muscat, Minneapolis au London ambaye kila mwezi anatuma kitu nyumbani. Kisha, kabla hujamweleza wewe umeionaje, mwulize ni dirisha gani analolikumbuka.